Shangazi Tuambie: Muziki Ukiisha Saa Tisa Usiku, Utalala Wapi?

Msimu wa matamasha ukikaribia barua hujaa hapa mezani, na nyingi zinauliza nani anaimba na tiketi ni pesa ngapi, na mimi naona lile swali kubwa limeachwa nje, kwamba muziki ukizimwa wewe bado uko pale kwa nyasi, kwa baridi, mbali na kwenu, simu imeisha chaji. Enyewe watu wanaorudi wakisema tamasha lilikuwa tamu ni wale walilala vizuri na wakapata maji. Kwa hivyo safari hii nimechagua barua za watu waliouliza habari ya usiku.

Habari Shangazi. Mimi ni mwanafunzi, sisi ni marafiki wanne na tunataka kwenda tamasha Naivasha kando ya ziwa, tulale huko usiku mbili. Hakuna hata mmoja wetu amewahi kulala kwa tenti. Mmoja ameona tenti ya watu wanne mtandaoni, bei poa sana, anasema inatutosha. Tena nasikia viboko hutoka majini usiku. Tubebe nini, na tuogope nini? (Mwanafunzi, Njoro)

Mwanangu, naanza na hiyo tenti kabla hamjatuma pesa. Tenti ikiandikwa ya watu wanne wanamaanisha watu wanne waliobanana bega kwa bega bila hata begi moja ndani, kwa hivyo nyinyi na mizigo yenu mnahitaji ya watu sita, ama mbili za watatu watatu, na mimi napenda hizo mbili kwa sababu mmoja akitaka kulala mapema wengine wana pa kupiga domo. Muulizeni muuzaji kifuniko cha nje kinafika wapi. Zile za bei poa sana mara nyingi zina kifuniko kidogo pale juu kama kofia, ubavuni kitambaa ni kimoja tu, na mvua ya Naivasha haishuki wima, inasukumwa na upepo wa ziwa inaingilia ubavuni. Tafuteni yenye kifuniko kinachokaribia ardhi pande zote na iwe imeandikwa inahimili maji milimita 2,000 ama zaidi.

Ikifika msiiweke chini ya kitanda mkangoja siku ya safari, isimamisheni hapo nje ya ploti, mmoja aingie ndani na tochi, wengine wamwage ndoo mbili tatu za maji juu, huyo wa ndani aangalie mishono moja moja. Pale panapotoa tone pakikauka sugueni mshumaa mpaka nta iingie kwa uzi. Vigingi vipigwe vikiwa vimelala kidogo, kichwa kikiangalia mbali na tenti, na kamba zivutwe mpaka kitambaa cha nje kisiguse cha ndani, ju vikishikana tu unyevu unapita hata kama hakuna tundu. Na asubuhi mkikuta ndani kumelowa na haikunyesha msimlaumu muuzaji, hiyo ni pumzi yenu usiku mzima, acheni dirisha la neti wazi kidogo hata kama kuna baridi.

Sasa baridi. Naivasha iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, sawa tu na Nakuru, kwa hivyo mnajua vile saa kumi alfajiri huwa, tofauti ni kwamba hapo hamna ukuta. Wageni wengi hubeba blanketi mbili za kujifunika halafu chini wametandika plastiki tupu, na ardhi ndiyo inawanyonya joto usiku kucha. Ombeni makatoni makubwa dukani, yapasueni, yatandikeni sakafu yote, juu yake mkeka ama godoro jembamba la sponji, ndipo mlale, na kila mtu awe na soksi kavu na sweta ya kulalia tu, zisivaliwe mchana wala zisiguswe na jasho. Shuka la Kimaasai linasaidia sana, mchana unalikalia, usiku unajifunga.

Viboko ni kweli, hiyo si hadithi ya kutisha wageni. Wanakaa majini mchana na giza likiingia wanapanda kula nyasi, na nyasi wanazozipenda ni hizohizo laini za kambini. Kambi kama Fisherman's Camp, ambapo Rift Valley Festival ilikuwa ikifanyika ile miaka ya mwanzo ya 2010, huweka ua wa umeme kati ya tenti na ziwa kwa sababu hiyo. Tenti yenu iwe ndani ya ua, na mkifika muulizeni mfanyakazi wa kambi mwisho wa kutembea ni wapi usiku, maana maji ya ziwa yamepanda sana miaka hii na ufuo mliouona kwa picha ya zamani huenda sahizi uko chini ya maji. Asivuke mtu huo ua kwenda kupiga picha, na ukikutana naye usikae kati yake na maji, hapo ndipo anaua. Pia msisimamishe tenti chini ya mgunga mkubwa hata kama kivuli kinawaita, matawi hukatika usiku wa upepo.

Chakula, githeri iliyopikwa nyumbani itachacha siku ya kwanza mchana, bebeni chapati, mayai ya kuchemsha ya siku ya kwanza, njugu, ndizi, mkate na siagi ya karanga. Maji kama lita tatu kwa mtu kwa siku, na zaidi kama mtacheza juani. Pesa taslimu ndogo ndogo za mia na mia mbili ziwepo, maana watu maelfu wakiwa uwanja mmoja mtandao unajaa, mnasimama kwa kibanda cha chipsi M-Pesa ikizunguka tu na laini nyuma yenu inalalamika. Kama tarehe zenu zimegongana na Safari Rally, ile ya ubingwa wa dunia iliyorudi Kenya 2021 na kituo chake ni hapo Naivasha, wekeni nafasi mapema sana, wiki hiyo kambi zinajaa na bei zinapanda. Matatu za Kongoni kutoka Naivasha mjini zinapita hiyo barabara ya kusini ya ziwa, lakini msizitegemee usiku.

Shangazi, binti yangu ana miaka 19 na anataka kwenda tamasha na kulala huko na wenzake. Baba yake amekataa kabisa, mimi niko katikati. Nasikia watu wanakanyagana mpaka kufa na wasichana wanawekewa mchele, yaani dawa ya kulewesha, kwa vinywaji. Nifanye nini? (Mama, Lanet)

Mama, mimi ningemwachilia aende, na nitakwambia kwa nini. Msichana wa miaka 19 akikatazwa kabisa wengi huenda bado, anasema analala kwa rafiki, na hapo likitokea jambo hakuna mtu nyumbani anajua ako wapi. Afadhali aende ukijua ni kambi gani, analala na kina nani, na uwe na namba za simu za wawili kati yao, uzipige mbele yake uone kama zinaingia. Hilo ndilo ningemwambia baba yake pia, kwa upole, jioni akishakula.

Habari ya kukanyagana si uvumi. Huko Roskilde, Denmark, mwaka 2000 watu 9 walikufa mbele ya steji, na Houston, Marekani, Novemba 2021 wakafa 10 kwa tamasha la Astroworld. Wengi kwa visa kama hivi hawafi kwa kukanyagwa, wanakosa pumzi wakiwa wamesimama wima, kifua kimebanwa mbele na nyuma mpaka mapafu hayafunguki. Mfundishe hivi, asimame pembeni ama nyuma kidogo, steji inaonekana vizuri tu na sauti huko ni safi zaidi. Akiona ameanza kusukumwa bila yeye kutaka, mikono ipande mbele ya kifua kama bondia, simu ikianguka aiache, asishindane na wimbi la watu, wimbi likitulia achukue hatua moja mbili kwa mshazari kuelekea pembeni, tena na tena mpaka atoke. Anayeanguka karibu naye ainuliwe haraka.

Mchele nao uko, na hauko kwa tamasha peke yake. Anunue chupa iliyofungwa, aifungue mwenyewe, akiiacha mezani aende choo basi hicho kinywaji si chake tena, amwage. Wawe na sheria yao ya kundi kwamba hakuna anayeenda choo usiku peke yake wala anayerudi kwa tenti na mtu mgeni bila wengine kumwona huyo mtu uso. Rafiki akianza kulegea ghafla na amekunywa kidogo tu wasimlaze kwa tenti eti atapata nafuu, wampeleke hema la huduma ya kwanza na wakae naye. Na hili nalisema waziwazi kwa sababu wasichana wengi hawaambiwi mpaka muda umepita, msichana akishambuliwa aende hospitali haraka iwezekanavyo, dawa za kuzuia virusi vya HIV zinafanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72, na namba ya 1195 ni ya bure usiku na mchana kwa mambo ya ukatili wa kijinsia. Aiweke kwa simu na pia aiandike kwa karatasi.

Mwekee tochi ya kichwa, pedi hata kama si siku zake, tishu nyingi na kitakasa mikono. Choo aende asubuhi kabla ya saa kumi na mbili na nusu, hakuna laini na ndio watakuwa wamesafisha.

Niaje Shangazi, niko Kisumu na mabeshte wangu wanataka tuende Nyege Nyege, lile tamasha la muziki kule Jinja, Uganda. Sina paspoti. Inawezekana ama nisahau tu? (Kijana, Kondele)

Inawezekana kabisa. Tangu 2014 Mkenya anaingia Uganda na kitambulisho chake cha taifa, si lazima paspoti, na pale Busia kuna kituo kimoja cha pamoja kwa hivyo unashughulikiwa pande zote mbili kwa jengo moja. Kitu kinachokwamisha vijana ni kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano. Inaanza kutambulika siku 10 baada ya kudungwa, kwa hivyo ukichanjwa Alhamisi ukasafiri Ijumaa bado hujajisaidia, fanya mapema na ukishapata ni ya maisha. Usikubali bodaboda akuvushe kwa njia za panya eti utaokoa nusu saa, ukishikwa ndani ya Uganda bila kupitia ofisi hata tamasha utaliskia tu.

Badilisha pesa kidogo mpakani ukihesabu mwenyewe noti moja moja mkononi mwako, usirudishe kwa huyo wa kubadilisha ahesabu tena. Hakikisha siku mbili kabla kwamba tamasha bado lipo na mahali ni palepale, ju tangu lianze 2015 limehamishwa viwanja na wakubwa wa serikali ya Uganda wamewahi kujaribu kulizuia, 2018 na tena 2022.

Na mto Nile unavutia, najua, jua kali na wenzako wameshaingia. Maji ya huko na ya ziwa letu la Victoria yana kichocho, kile kimdudu kinapenya ngozi nzima bila kidonda, na huhisi kitu kwa wiki kadhaa. Kama uliogelea nenda kliniki miezi miwili mitatu baadaye, waambie ulikuwa majini, upimwe, dawa yake ipo. Malaria vilevile, homa ikikupiga wiki moja mpaka nne baada ya kurudi usiseme ni uchovu wa safari. Lala ndani ya neti, jipake dawa ya mbu jioni, na uvae suruali ndefu hata kama mavazi ya tamasha ni kaptula.

Shangazi nilisimama karibu na spika usiku kucha, sasa ni siku ya tatu masikio yanavuma na watu wakiongea ni kama wako mbali. Itaisha? (Msomaji, Kakamega)

Nenda hospitali leo, usingoje wiki iishe, uombe mtu wa masikio. Kuvuma kwa masaa kadhaa ama siku moja mara nyingi hupoa, lakini siku ya tatu na bado husikii vizuri inafaa uonekane sasa, ukichelewa matibabu mengine hayasaidii tena.

Kwa wengine, ndani kabisa ya sikio kuna vinywele vidogo sana vinavyopokea sauti, na vikifa havioti tena, ndiyo maana jambo hili linaniuma nikiona watoto wadogo wamebebwa mabegani mbele ya spika. Sauti ya desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti) unaweza kuivumilia masaa 8, na kila ikipanda desibeli 3 muda unakatwa nusu, kwa hivyo ikifika 100, ambayo mbele ya steji ni kawaida, una dakika 15 tu. Shirika la Afya Duniani lilisema 2022 kwamba wastani wa sauti katika kumbi na matamasha usizidi 100, na kuwe na pembe tulivu ya kupumzisha masikio. Hiyo pembe usingoje uwekewe, jitengenezee, kila saa toka kidogo uende mbali. Vizibo vya masikio vya sponji viko kwa kemia, unavifinya, unavuta sikio juu, unavisukuma ndani vikae vikifura. Pamba haifanyi kazi hiyo. Muziki bado utausikia, na besi utaisikia mpaka tumboni.

Shangazi naeza ingiza jiko la makaa kwa tenti usiku, likishaacha kutoa moshi? (Baridi Imenizidi, Molo)

Hapana. Hata dakika kumi, hata zipu ikiwa wazi, hata ile ya gesi. Hewa inayoua haina moshi wala harufu, makaa yaliyokolea mekundu bila moshi ndiyo hasa yanaitoa, na mtu aliyelala haamki kukohoa, anazidi tu kulala. Mkiamka vichwa vinagonga, mnataka kutapika, mwenzenu anaongea kama mlevi na hakunywa, vutaneni nje mara moja na mtafute daktari. Pasha maji kwa jiko nje mbali na tenti, yatie kwa chupa, funga vizuri, ifunge na taulo uweke miguuni. Hiyo itakufikisha asubuhi.

Shangazi, mimi naona haya mambo ya kulipa pesa nyingi ulale kwa matope ni ya kuiga tu. Yalitoka wapi? Na sisi tusio na hizo pesa tuende wapi? (Mwalimu, Vihiga)

Mwalimu, hii ya kulala uwanjani ilipata jina hasa Agosti 1969 kule Woodstock, Marekani, kwa shamba la mfugaji karibu na Bethel, watu zaidi ya 400,000 wakafika na mvua ikawanyeshea. Mwaka uliofuata mkulima wa Uingereza Michael Eavis akafungua shamba lake la ng'ombe, kiingilio pauni moja na maziwa ya bure, wakaja kama watu 1,500, ndiyo Glastonbury ambayo siku hizi inakusanya karibu 200,000, na bado ni lile shamba, na kuna miaka hawafanyi kabisa ili nyasi zipumzike. Kwa hivyo matope ni kweli. Lakini kuiga, hapo sikubaliani nawe. Watu wa huku wamekesha kwa ngoma nje tangu zamani, na isukuti ya Waisukha na Waidakho, zile ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, iliwekwa na UNESCO 2014 kwa orodha ya mambo yanayohitaji kulindwa haraka. Kijana wa Nairobi analipa tiketi kubwa kutafuta hisia ambayo wewe unaipata Khayega, hapo Kakamega, ngoma ikikaza.

Za bei nafuu uko nazo karibu. Wewe wa Vihiga uko kwenu, tamasha la utamaduni la Maragoli ni tarehe 26 Desemba kila mwaka, wengi wanaotoka mbali hulala kwa jamaa, na ukikaribisha wageni waambie wabebe shuka zao. Ukitaka kulala kwa tenti kabisa, Desemba pia kuna tamasha la Rusinga, kisiwani, muziki, mashua, samaki, na ukiwa na tenti yako gharama kubwa inabaki nauli na chakula. Kama huna tenti tafuta kwa mitumba ya Kibuye, Kisumu, siku ya Jumapili, ifungue yote hapohapo uhesabu fito na vigingi kabla ya kulipa. Huku magharibi radi hazichezi, kwa hivyo mkisikia ngurumo tokeni kwa tenti, fito zake hazikulindi, muingie nyumba ya kudumu ama ndani ya gari, mkae nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Mkitoka Kisumu mnaweza kuzunguka kwa barabara mpitie Homa Bay, ama mkate njia kwa feri ya Luanda Kotieno mpaka Mbita halafu mvuke daraja kwenda kisiwani. Ulizieni mtu wa Mbita feri ya mwisho ni saa ngapi siku hiyo kabla hamjatoka nyumbani, na mfike mapema, wiki ya tamasha laini ya magari inakuwa ndefu.